Besi na Pumzi ya Zamu: Neno kwa Kwaya Siku ya Jubilii



Nzumari yetu ya Pwani hulia kwa ulimi wa jani kavu, wenye midomo miwili inayotetemeka. Mpigaji hujaza hewa mashavuni, akaisukuma nje huku akivuta nyingine puani, sauti isikatike. Kule Brittany, Ufaransa, kazi hiyo ya mashavu hufanywa na mfuko wa ngozi. Zumari lao, biniou, lina mirija miwili ya sauti: mmoja wenye matundu hubeba wimbo; mwingine huvuma sauti moja tu ya chini, mwanzo hadi mwisho. Biniou hupigwa pamoja na bombarde, ndugu ya nzumari. Mpiga bombarde akipumzika, mwenzake anaendelea.

Besi wetu, mvumo huo ni ninyi. Lakini mmebaki watatu. Vijana wamekwenda Malindi na Mombasa kutafuta kazi. Kinanda cha umeme kitaziba pengo, ila hakitajua ni nani ameishiwa pumzi ili kimpokee.

Ombi langu ni moja: Jumamosi, kila besi aje mazoezini na kijana mmoja wa hapa Garsen. Tumfundishe kwanza kupumua kwa zamu.

Mungu awabariki.