Mabaka ya Uso na Hukumu ya Kuyatibu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa rangi zetu na sura zetu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu,

Twaulizwa, hasa na akina mama: mtu aliyetokwa na mabaka meusi usoni, je, yajuzu kwake kuyatibu kwa mwanga wa leza, au huko ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu?

Mabaka hayo yana sababu zake. Aghalabu huwatoka wanawake wakati wa mimba, au watumiapo dawa za kupanga uzazi, na jua huyazidisha. Wengine huzaliwa na doa la samawati kando ya jicho. Hayo si aibu wala si laana. Mume amchekaye mkewe kwa mabaka yaliyoletwa na mimba ya mwanawe mwenyewe amemdhulumu.

Ama hukumu, wanazuoni wametenganisha kuondoa dosari na kugeuza umbile kwa kutaka urembo tu. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani zama za ujahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi kuirudisha ngozi katika hali yake ya asili ni matibabu, nayo yaruhusiwa. Kujichubua mwili mzima kwa kuichukia rangi aliyotupa Mola ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo, ruhusa haiondoi wajibu wa kujua. Kanuni ya tiba hii ilielezwa mwaka 1983 na madaktari Anderson na Parrish wa Marekani: chembe za rangi huufyonza mwanga wa leza, hupata joto na kupasuka, kisha mwili huziondoa polepole. Lakini ngozi nyeusi ina rangi nyingi, nayo pia huufyonza mwanga huo. Ukitumiwa na asiye mjuzi huunguza, na baka likazidi weusi. Tena, doa la samawati huitikia tiba hiyo vizuri, bali mabaka ya mimba hurudi mara nyingi. Mengine hufifia yenyewe baada ya kujifungua. Kwa hiyo aanze mtu kwa kujikinga na jua na kumwona daktari wa ngozi, kabla ya kutoa mali yake.

Hatari kubwa zaidi ni mikorogo ya madukani. Baadhi yake ina zebaki, ambayo huharibu figo. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata ziliazimia kukomesha vipodozi vyenye zebaki ifikapo 2025. Basi auzaye sumu hiyo hali anajua, chumo lake si halali, na damu ya nduguye imo shingoni mwake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupambie nyoyo zetu kama alivyozipamba nyuso zetu. Amin.