Mafunzo ya Bure kwa Wachambuzi wa Takwimu: Wakishajua, Nani Atawalinda?

(Mada niliyoiwasilisha kwenye kongamano letu la vijana. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

 

Najua mlitegemea mwanafunzi wa sheria asimame hapa azungumzie katiba mpya au tume ya uchaguzi. Leo nazungumzia takwimu. Naomba msisinzie, maana mwisho wa habari hii kuna watoto wamepanga foleni chooni.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Ni afisa takwimu kwenye halmashauri moja, jina lake naliweka kapuni. Mwaka juzi alipata mwaliko wa mafunzo ya mtandaoni, ya bure kabisa, kwa watumishi wa serikali wanaochambua takwimu. Siku tatu, saa mbili kila siku. Ofisini kwake mtandao ulikuwa unakatika kila dakika, kwa hiyo akanunua bando kwa hela yake, akaja kukaa sebuleni kwetu. Mimi nilikuwa likizo. Yeye anachambua data, mimi pembeni nachambua mchicha, sikio liko kwake.

Jamani, nilivutiwa. Walifundishwa kutumia R, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bila kulipa hata senti. Walifundishwa kusafisha data: kutafuta mistari iliyojirudia, nafasi zilizoachwa wazi, jina moja lililoandikwa kwa namna mbili. Mwalimu alieleza kwamba ukiandika "Shule ya Msingi Muungano" hapa, halafu pale chini "S/M Muungano", wewe unajua ni shule ile ile, lakini kompyuta inahesabu mbili. Nikasema kumbe!

Wiki iliyofuata kaka akaenda kujaribu alichojifunza kwenye orodha yake mwenyewe, ya matundu ya vyoo vya shule. Akakuta shule kadhaa zimejirudia vile vile. Ukiziondoa zilizojirudia, matundu yanapungua, ila wanafunzi wako pale pale. Maana yake tundu moja linabeba watoto wengi kuliko ilivyoandikwa kwenye taarifa. Akabeba karatasi zake akaenda kwa mkuu wake. Akajibiwa kwa upole kabisa: "Taarifa imeshapanda mkoani, acha kama ilivyo."

Akaacha. Ana mke, ana watoto wawili, ana mkopo wa benki. Simlaumu. Lakini jioni ile aliniambia neno ambalo ndilo limenileta hapa: "Mdogo wangu, nimefundishwa kulitafuta kosa. Sikufundishwa nifanye nini nikishalipata."

Sasa basi, nisieleweke vibaya. Sipingi mafunzo haya, nayataka yaongezeke. Tuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Dar es Salaam, kinafanya kazi kubwa, lakini si kila afisa wa wilayani atapata ruhusa na nauli ya kwenda kukaa darasani. Mafunzo ya mtandaoni yanamfuata alipo. Wenzetu Uingereza wameyapa uzito: wachambuzi wa serikali yao wana mwezi wao, Mei, wenye vipindi vya mtandaoni ambavyo mchumi, mtakwimu na mtafiti wanafundishana wao kwa wao. Hilo ni jambo la kuiga.

Hoja yangu ni kwamba ujuzi peke yake hautoshi. Mfano mzuri uko Ugiriki. Mwaka 2010 Andreas Georgiou, aliyewahi kufanya kazi Shirika la Fedha la Kimataifa, alipewa kuongoza ofisi ya takwimu ya nchi hiyo. Akarekebisha nakisi ya bajeti ya mwaka 2009 ikafika asilimia 15.4 ya pato la taifa. Ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya ikazikubali hesabu zake. Nyumbani kwake wakamfungulia kesi! Mwaka 2018 mahakama ya juu ya Ugiriki ikathibitisha hatia dhidi yake, kwamba alipeleka takwimu bila kwanza kupata idhini ya bodi, na kifungo cha miaka miwili kilichoahirishwa. Huyo hakukosa mafunzo.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Mwaka 2018 Sheria yetu ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa, ikawa kosa la jinai kutoa takwimu zinazopingana na zile rasmi. Benki ya Dunia ikasema hadharani kwamba ina wasiwasi. Juni 2019 Bunge likarudi nyuma, likaondoa ile jinai. Tuliopiga kelele tulipumua. Lakini tazameni vizuri: nafuu ile ilimhusu zaidi mtu wa nje, mtafiti, mwanahabari, mwanasiasa. Kaka yangu yuko ndani. Yeye haogopi jela, anaogopa kuandikiwa barua ya uhamisho.

Kuna atakayesema tunayo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi, nayo ya 2015. Ipo, nimeisoma. Lakini afisa wa halmashauri ambaye hakuona rushwa wala wizi, ameona tu hesabu imekosewa na ikaachwa makusudi, ataanzia wapi? Amshtaki bosi wake kwa kosa gani?

Uingereza walilitazama hilo wakatunga sheria mwaka 2007, wakaunda mamlaka ya takwimu inayowajibika kwa bunge, siyo kwa waziri. Septemba 2017 mwenyekiti wa mamlaka hiyo, David Norgrove, alimwandikia barua Boris Johnson, wakati huo waziri wa mambo ya nje, akamwambia wazi kwamba ile paundi milioni 350 kwa wiki aliyoirudia ni matumizi mabaya ya takwimu. Barua ikawekwa hadharani. Fikiria hilo litokee hapa, halafu mwandishi wa barua aende kazini kesho yake kama kawaida!

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu tuyabebe kama vijana.

Moja, mafunzo ya takwimu ya mtandaoni yahesabiwe kuwa ni kazi. Mtumishi apewe muda na bando, asijifunze kwa kuiba saa na kwa hela ya mboga.

Mbili, video na vitini vyake viwekwe wazi, na viwe kwa Kiswahili. Diwani wetu anayepelekewa jedwali kwenye baraza naye ajue kuuliza: hii shule mbona ipo mara mbili? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupewa taarifa. Taarifa usiyoweza kuisoma umepewa nini?

Tatu, na hili ndilo kubwa: Sheria ya Takwimu iongezwe kifungu cha kumlinda mchambuzi. Akigundua kosa, aliandike, lipokelewe kwa maandishi, na lijibiwe ndani ya siku zinazotajwa. Mkuu akilikataa, aseme kwa nini na aweke sahihi yake. Mchambuzi asihamishwe wala kushushwa cheo kwa sababu hiyo. Hili halihitaji bajeti, linahitaji kalamu tu.

Na tuambizane ukweli humu ndani. Siku tukishika halmashauri, wakuu wa idara watatuletea taarifa nzuri nzuri, na atakuja kijana mmoja na karatasi zake kusema hapana, matundu siyo haya. Tukimwambia "acha kama ilivyo", tutakuwa tumebadilisha rangi ya bendera tu.

Kaka yangu mwezi uliopita kapata mwaliko mwingine, bure tena, wa kujifunza kuchora ramani kwa data. Kanipigia kuniuliza kama aje sebuleni. Nimemwambia njoo, mchicha upo. Ila ile orodha bado iko kwenye kompyuta yake, imesafishwa, haijatumwa popote. Na shule zikifunguliwa, foleni ya chooni itakuwa pale pale.