Noti Chungu na Njia ya Nyumbani

Nimepita miaka 40, na vidole vyangu vimezoea kalamu kuliko nyuzi. Hata hivyo najifunza gitaa la jazi, na skeli moja nusura inishinde. Huitwa olteredi, yaani iliyogeuzwa.

Juu ya kodi ya G7 (sisemi kodi ya mapato!) noti zake ni G, A-flati, B-flati, B, D-flati, E-flati na F. Nilizikariri miezi mitatu, nikazipiga juu na chini kama kasuku. Mke wangu akauliza kama gitaa limeharibika. Nikaazimia kuliuza.

Mzee anayenifundisha akacheka. "Mwanangu, unazurura tu. Nyumbani ni C." Akapiga D-flati, ikalia chungu kama mwarobaini. Kisha akashuka nusu hatua hadi C, na uchungu wote ukawa utamu.

Hapo nikaelewa. G, B na F hutunza sura ya kodi; zile nne nyingine zimesogezwa ili sikio litamani kurudi C. Sasa nafanyia mazoezi noti mbili mbili, nikisikiliza. Wes Montgomery wa Indianapolis hakujua kusoma noti. Alijifunza kwa kusikiliza santuri za Charlie Christian.

Juzi mke wangu hakuuliza kitu. Niliona mguu wake ukitikisika.

Nawe ukiangukia noti chungu, usiliweke gitaa chini. Tafuta kwanza ile nusu hatua ya kurudi nyumbani. Hadi juma lijalo, kwaheri.