Kengele Tuliyoiacha Shuleni



Nimeombwa niseme juu ya utulivu katika maisha haya ya pilikapilika. Mimi si sheikh wala mchungaji, na udaktari sikusomea. Ni mtumishi wa Serikali mwenye mafaili, watoto watatu na simu moja. Nitasema ninayoyajua.

Tulipokuwa hapa, siku yetu iliendeshwa na chuma cha gurudumu la lori kilichoning'inizwa mtini. Tulikinung'unikia sana. Lakini kengele ile haikuwa ya kuanzisha kazi tu, iliimaliza pia. Ikishalia ya michezo, hakuna mwalimu aliyekufuata uwanjani na jembe.

Kazini nako sheria imeweka kengele yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ofisi zetu hufungwa saa 9:30 alasiri. Mlango hufungwa kweli, ila kazi hutoka pamoja nasi, mfukoni.

Wengi hudhani dawa ni kuharakisha. Mimi sikubaliani. Tazameni safari ya Dodoma na Dar es Salaam. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kwenda kwenye kikao Dar es Salaam kwa basi kulikula siku nzima, na kurudi siku nyingine. Kero ilikuwepo, lakini ndani ya basi mtu alisinzia, alisoma gazeti, alizungumza na jirani. Mwaka 2024 ikaja treni ya umeme, safari ikawa ya saa chache. Naipanda na ninaisifu. Lakini zile saa zilizookolewa zimekwenda wapi? Nyumbani kwangu hazikufika. Zimejazwa kikao cha pili. Na kutuma fedha kwa simu, kulikoanza hapa nchini mwaka 2008, ni vivyo hivyo. Zamani mwenye shida kijijini aliandika barua, nawe ukapata siku za kufikiri. Leo ombi, kumbusho na lawama hufika kabla hujamaliza chai. Sisemi turudi kwenye barua. Mgonjwa hawezi kungoja posta.

Basi nimejiwekea kengele yangu. Saa 2 usiku simu inaingia kabatini. Nilimweleza mkuu wangu wa kazi: "Mzee, kukiwa na dharura nipigie, nitapokea. Yaliyoandikwa nitayasoma asubuhi." Hakufurahi. Safari moja yenye posho nzuri akapewa mwenzangu anayejibu usiku wa manane. Iliniuma, maana ada ya watoto ilikuwa inangoja. Hata hivyo, katika miezi minne iliyofuata nilipigiwa mara mbili tu. Mengine yote yaliyoandikwa "haraka sana" yalilala hadi asubuhi, na hayakuoza.

Kuhusu michango, mimi na mama watoto huketi mwanzo wa mwezi tukatenga fungu moja la harusi na misiba. Likiisha, harusi hupata salamu za heri. Msibani tunakwenda wenyewe, tunakaa na wafiwa. Kamati mbili zimekwisha nifuta kwenye orodha. Shangazi yangu naye alininunia, mpaka nilipochukua likizo nikaenda kulala kwake siku nne, tukapukuchua mahindi pamoja. Ndipo akasema fedha zangu alikuwa akizipata miaka yote, ila sura yangu alikwisha anza kuisahau.

Wadogo zangu, ninyi mnaona mmenyimwa simu. Mtaipata, tena mapema mno. Siku hiyo hakuna atakayewagongea chuma. Jizoezeni sasa: Jumapili mchana, ile saa ambayo ratiba haikuipangia lolote, iacheni hivyo hivyo. Kaeni kivulini bila kutafuta cha kuijazia. Mwanzoni ni vigumu kuliko hesabu za kidato cha nne.

Naona mwalimu wa zamu anatazama saa yake. Mwenye swali tuonane baada ya chakula.