Mizani ni ya Nani? Maswali ya Mtunga Programu kwa Mwajiri Wake

Vijana, mmetoka Laela, Matai na Namanyere alfajiri ya baridi hii ya Julai ambayo wageni wa Pwani huisimulia kwa hofu warudipo kwao. Mada niliyokabidhiwa yahusu usaili wa kazi ya kutunga programu za kompyuta; na kwa kuwa wako wengi wafundishao namna ya kumjibu msaili, na wachache mno wafundishao namna ya kumwuliza yeye, niliomba ruhusa, nikapewa, nishughulike na dakika tano za mwisho tu za usaili, zile ambazo aliye upande wa pili wa meza hufunga daftari lake, akatabasamu, akasema, "Haya, nawe una swali lolote kwetu?"

Aghalabu kijana wetu hujibu, "Sina, nashukuru." Maswali anayo tele, ila amelelewa kuamini kwamba mwomba kazi ni mwombaji, na mwombaji hachagui. Adabu hiyo siibezi. Lakini mzazi wa kijana huyohuyo, mkulima wa mahindi ambaye hajapata kuketi mbele ya msaili tangu azaliwe, akijiwa na mnunuzi uani kwake hamkabidhi hata gunia moja kabla ya kumwuliza mizani ni ya nani, ina muhuri wa Wakala wa Vipimo au haina. Malipo ni taslimu au ni ya ahadi. Gunia litashonwa mdomoni au litapandishwa lumbesa. Na gari litafika lini. Wala mnunuzi hachukii, na akichukia, mkulima amekwisha kupata jibu lake. Nastaajabu basi kwamba watu wa uwanda huu wa Ufipa, wenye hadhari kubwa namna hiyo juu ya mavuno ya msimu mmoja, huwapandisha watoto wao basi la Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, wakauze miaka mitatu au minne ya ujana wao pasipo kuuliza neno.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watoto hao. Katika usaili wangu wa kwanza, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, nilisema "sina" kwa sauti ya unyenyekevu, nikaajiriwa, nikafurahi. Siku ya pili niliomba nionyeshwe msimbo wa programu niliyoajiriwa kuitunza, nikapewa flashi iliyofungwa uzi mwekundu, na ndani yake mlikuwa na makabrasha manne: la kwanza liliitwa "mwisho", la pili "mwisho kabisa", la tatu "mwisho sahihi", na la nne "usiguse". Aliyeyaandika alikwisha kuhama kazi na simu yake haikupatikana. Baada ya siku tisa za kulinganisha mstari kwa mstari nilitambua kwamba hesabu za wateja zilikuwa zikiendeshwa na lile la "usiguse", na kwamba wenyewe hawakuwa na habari. Mwezi ulipokwisha niliambiwa mshahara utatoka mteja mkubwa atakapolipa. Mteja alilipa mwezi wa nne. Sikudanganywa hata mara moja, kwa kuwa sikuuliza hata mara moja.

Tangu hapo nimeyagawa maswali ya msailiwa mafungu mawili: yaombayo sifa na yaombayo kisa. Ukimwuliza mwajiri kama kampuni yake inathamini ubora, umemwomba ajisifu, na hajazaliwa mwajiri atakayejibu la. Lakini ukimwuliza, "Mara ya mwisho programu yenu ilipoharibika mbele ya wateja ilikuwa lini, nani aliigundua hitilafu, na kesho yake mlifanya nini?" umemwomba akumbuke, na kukumbuka ni kazi ngumu kughushi papo kwa papo. Mwenye kikundi kizuri husimulia kwa wepesi, hata akacheka. Mwenye kikundi kibovu hutazama dari, au hukutajia upesi jina la mtu aliyefukuzwa. Kadhalika usimwulize kama wanao utaratibu wa kukagua kazi. Mwulize mabadiliko ya mwisho yaliyofanywa wiki hii yalipita mikononi mwa nani kabla hayajamfikia mteja.

Wazee wetu waliofua chuma hapa Ufipa hawakuwa na jina la ukaguzi huo, lakini jambo lenyewe walikuwa nalo. Tanuri refu la udongo, ilungu, lililopita kimo cha mtu na kujivutia upepo lenyewe pasipo mivukuto, lilitoa bonge la chuma lenye takataka nyingi. Na bonge hilo halikwenda moja kwa moja kwa mhunzi, ila lilitiwa kwanza katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo lilivukutwa kwa mikono hadi chuma kikatakata, ndipo kikapelekwa kufuliwa jembe. Ofisi nyingi nilizozipitia zina ilungu kubwa la kujivunia. Ulizeni kintengwe kiko wapi.

Mwaka 2000 Mmarekani Joel Spolsky alitunga maswali kumi na mawili ya kujibiwa kwa ndiyo au la, ya kupimia kikundi chochote cha watunga programu: kama mabadiliko ya msimbo huwekewa kumbukumbu, kama programu yaweza kujengwa kwa hatua moja, kama hitilafu zina daftari lake na hurekebishwa kabla ya kuandikwa mambo mapya, kama watunzi wana mahali patulivu pa kufanyia kazi, na mengineyo ya jinsi hiyo. Baadhi yamechakaa, maana tangu Linus Torvalds alipoitoa Git, programu ya kuwekea kumbukumbu hizo, mwaka 2005 wengi huona haya kukiri kwamba hawana hazina ya msimbo (ingawa ile flashi yangu ya uzi mwekundu ilikuja miaka mingi baadaye). Hata hivyo lile la utulivu lingali bichi. Nimeona watunzi kumi na wanne katika chumba kimoja pamoja na wauzaji wanaouza kwa simu, na mwenye chumba akilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana umakini.

Sasa nije kwetu. Wapo miongoni mwenu watakaotaka kubaki Sumbawanga na kumfanyia kazi mwajiri aliye Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo, na hao wana maswali ambayo hakuna aliyewaandikia. Umeme wetu kwa miaka mingi uliletwa kutoka Zambia, na ukikatika haukuulizi kama una kikao. Nani atalipia betri? Bando la intaneti litatoka mfukoni mwa nani? Nikikosekana hewani saa mbili kwa sababu ya radi za Machi, nitahesabiwa mtoro? Na lililo kubwa kuliko yote: seva ikilala saa nane za usiku, simu ya nani italia? Swali hilo la mwisho ningependa mliandike katika kiganja cha mkono, kwa maana nimeona mishahara minono ambayo, ikigawanywa kwa usiku uliokesheshwa, inapungua ikawa ujira wa kibarua.

Hapo sheria ina kauli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humwekea mwajiriwa asiye meneja ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Za ziada hulipwa walau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mwajiri anapaswa kukupa kwa maandishi kazi yako, mahali pake, saa zake, muda wa mkataba na ujira; kwa hiyo kumwomba karatasi hiyo si jeuri. Jueni pia kwamba kinga ya sheria hiyo dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimfikii mwenye utumishi usiotimia miezi sita, basi ulizeni muda wa majaribio ni miezi mingapi, na nani hupima, na kwa kipimo gani.

Liko pia swali fupi ambalo kwa uzoefu wangu huleta ukimya mrefu: "Nitakuwa mwajiriwa au mtoa huduma?" Mwajiriwa huchangiwa katika mfuko wa pensheni wa NSSF asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu ya hiyo, ilhali mtoa huduma hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, akapewa mkono wa kwaheri, asione mchango wala likizo. Ziko kampuni zinazomwita kijana "mshauri" kwa heshima kubwa, naye akaipokea heshima hiyo badala ya pensheni.

Juu ya haki ya kazi yenyewe nitapita upesi. Programu za kompyuta zimo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mkataba ukinyamaza, ulichotunga kazini huelekea kwa mwajiri. Ila kile ulichokitunga nyumbani Jumapili, tuseme programu ya ghala la chama cha ushirika cha kijijini kwenu, ulizeni mapema ni cha nani, na jibu lipate wino. Na ikiwa kazi ni ya hospitali, ulizeni kama majaribio hufanywa kwa taarifa za wagonjwa wa kweli. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, ajibuye "ndiyo" bila kushtuka amekuonya mwenyewe.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu zake. Anza na kazi, fedha ije baadaye, lakini ije. Sema, "Naomba nijifunze kidogo juu ya ofisi yenu," usikunje uso kama hakimu, na omba kwa upole uzungumze robo saa na mmoja wa wale utakaoketi nao, bosi asiwepo. Ukinyimwa, usibishane. Rudi nyumbani ukaifikirie robo saa hiyo.

Yupo binti mmoja wa huku kwetu, naye yumo ukumbini akinikazia macho nisimtaje, aliyesailiwa kwa simu akiwa amesimama juu ya kilima kwa kutafuta mtandao, shuka begani, upepo ukipiga hata wasaili wakamwuliza kama yuko ndani ya gari. Walipomwuliza kama ana swali, aliuliza moja tu, lile la saa nane za usiku. Kwanza walinyamaza, kisha wakacheka, kisha mmoja akasema kweli: "Itakuwa yako." Akajibu, "Vyema, basi tuandike na bei yake." Iliandikwa, mstari mmoja, chini ya kifungu cha mshahara, na kwa fedha ya miezi mitatu ya kwanza ya mstari huo amenunua paneli ya jua na betri mbili, na kilimani hapandi tena.