KAMARI NA JASHO LA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme juu ya kamari, hasa hii ya mpira inayochezwa kwa simu. Wengi wenu mwauliza: Mkristo akiweka shilingi zake juu ya mechi, je, ametenda dhambi?

Makanisa hayasemi neno moja. John Wesley, ambaye Wamethodisti wanafuata mafundisho yake, alikataza mali ya kamari katika karne ya 18, kwa sababu faida yake ni hasara ya jirani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yasema mchezo wenyewe si dhuluma, lakini huwa uovu unapomnyima mtu riziki yake na ya wanaomtegemea. Tena yaonya juu ya kutekwa na mchezo huo. Basi wote wawili watazama mahali pamoja: nani anaumia?

Wengine husema hata Mitume walipiga kura walipomchagua Mathiya. Ni kweli. Lakini pale hakuna aliyeweka fedha, wala aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Waliopiga kura wapate mali ya mwingine ni askari waliogombea vazi la Bwana chini ya msalaba.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mchezo una majibu mawili, yenye nafasi sawa, na kampuni yalipa mara 1.90. Wewe waweka shs. 100/- upande huu, mwenzako shs. 100/- upande ule. Mshindi apewa shs. 190/-. Kampuni imebaki na shs. 10/-, nayo haikucheza mpira. Ukiunganisha michezo mitano ya namna hiyo, nafasi yako ni moja katika 32. Kwa tikiti 32 za shs. 100/- umetoa shs. 3,200/-, na tikiti moja ikishinda, kama hesabu inavyotazamia, wapata kama shs. 2,476/-. Na hizo nazo zimetoka mfukoni mwa nani? Mwa wafanya kazi wenzako walioshindwa.

Ndugu, hapo ndipo jambo hili lahusu chama. Nyongeza ya mshahara twaigombania mezani miezi mingi. Si haki ipotee usiku mmoja, na asubuhi watoto warudishwe kutoka shule kwa ajili ya karo.

Serikali imejaribu. Sheria ya kamari ilitungwa mwaka 1966. Mwaka 2019 kampuni 27 zilinyimwa leseni. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya, nayo yakataza walio chini ya miaka 18. Lakini sheria haiwezi kukaa mfukoni mwako siku ya mshahara.

Kwa hiyo twashauri hivi. Mshahara ukiingia, lipa kwanza chakula, kodi na karo, kisha weka akiba katika chama cha ushirika. Usimkopeshe mwenzako fedha za "kurudisha zilizopotea". Hizo ndizo zinazommaliza. Wala usimcheke. Aliyetekwa anaona haya, na haya humfanya ajifiche. Mwendee, keti naye, mfuatane hata kwa mzee wa kanisa au kwa mwakilishi wa chama kazini.

Kamari humfundisha mtu kuomba wenzake washindwe. Sisi tulijiunga ili tushinde pamoja.