Maneno kwa Vijana Wetu Wanaoingia Chuo Kikuu



Chuo Kikuu cha Kiislamu, jirani yetu hapa Nakaloke, kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 kikiwa na wanafunzi 80. Leo ni maelfu, na mwenye haya hupotea humo upesi.

Sisi walimu tunakiri kosa letu. Tuliwasifu watoto wanyamavu, tukasema wana adabu. Kumbe huko mbele mhadhiri hamjui asiyeuliza.

Sisi wenyewe, chuo cha ualimu, tulikaa kiti cha nyuma muhula mzima tukiogopa Kiingereza chetu kuchekwa. Tulipona kwa kuandika swali moja kila juma na kumfuata mkufunzi mlangoni.

Vijana, kuuliza si ujinga. Ulizeni, hata kwa Kiingereza kibovu.